Kesi za watoto wetu zisisikizwe saa saba mchana

Mhariri, salaam aleikum na pole na kazi,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni kaskazi hii yote. Nalisema kama mzazi na kama mjumbe wa wazazi katika shule moja ya upili huku Kisauni, na jina la shule silitaji manake si wao peke yao, nikiongea na wazazi wa Likoni na wa Changamwe naskia yaleyale. Nataka kuongea juu ya saa tunazochagua kukaa tukaamua mambo ya watu, na vile miili yetu inakuwa saa hizo.

Kuna siku tuliitwa kikao cha nidhamu, kijana wa kidato cha pili anadaiwa kuchukua simu ya mwalimu. Kilikuwa kianze saa nne asubuhi lakini mwenyekiti akachelewa, alafu zikaanza kusomwa barua za karo, mara tenda ya kuni, mara choo cha wasichana, ikafika saa saba na nusu ndio kijana anaitwa. Ile ofisi ni mabati matupu juu, stima ilikuwa imepotea kwa hivo feni imesimama, dirisha moja kati ya mawili limezibwa na kabati la mafaili. Na joto la Mombasa mwezi wa pili wa tatu mnalijua, jasho halikauki, shati linagandana na mgongo na kiti cha plastiki kinagandana na shati. Nyuma ya hilo dirisha lililobaki ndio jikoni na pilau ilikuwa ishaiva, kila kijiupepo kikija kinakuja na harufu ya bizari. Kijana naye alikuwa amesimamishwa nje koridoo tangu hiyo saa nne, koridoo yenyewe inapigwa na jua, maji hajapewa. Akaingia jasho linamchuruzika kuanzia kwenye nywele, mikono inamtetemeka, akaulizwa, akajibu kwa sauti ndogo, "mwalimu, mimi sikuichukua." Mjumbe mmoja akasema muoneni anavyotoka jasho, mwenye haki hatoki jasho hivi. Na sisi sote mle ndani tulikuwa tumerowa, Mhariri, aliyesema hayo mwenyewe alikuwa na kitambaa shingoni ashakikamua. Kijana akainamisha macho, ikawa ni hatia. Akaambiwa tuangalie, akainua macho, ikawa ana macho makavu. Mimi niliomba tuahirishe hadi kesho asubuhi, nikajibiwa, "mama, hata sisi ni binadamu, tumalize hili twende tukale." Dakika kumi hazikufika, wiki mbili nyumbani, arudi na mzazi na pesa ya simu.

Mimi siwezi kuapa kwamba hakuichukua, sikuwepo. Lakini ushahidi uliomfunga ulikuwa jasho, na jasho lilitoka kwa jua.

Haya mambo nimekuwa nikiyasoma kwa muda, nina binti anasomea saikolojia chuo kikuu na akija likizo hunisomea anayoyapata kwa intaneti, na ndio nimeanza kuelewa kwa nini watu wazuri kabisa, watu ambao ukiwakuta msikitini au sokoni ni wapole, wanakuwa vile wakikaa kwenye kiti cha kuhukumu saa mbaya. Mtu akikaa na njaa muda mrefu, sukari ya damu inashuka, mwili unamwaga homoni kama adrenalini na kotizoli ili kuipandisha, na hizo ndizo zinazomwagika mtu akikasirishwa ama akiogopeshwa. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, uvumilivu unaisha. Ubongo unapata habari kuwa kuna kitu hakiko sawa lakini habari hiyo haiji na jina la mkosaji, kwa hivo ubongo unaanza kumtafuta, na aliye karibu zaidi ni huyo aliyesimama mbele yako. Hapo utaona jeuri kwa mtoto ambaye saa mbili asubuhi ungemuona ana woga tu. Na ubaya wa hii kitu ni kwamba wewe husikii njaa, wewe unasikia kwamba umemjua mtu.

Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2019, wa Jennifer MacCormack na Kristen Lindquist, walichukua wanafunzi wa chuo, wengine wameshiba wengine wamefunga saa kadhaa hawajala, wakawapa kazi ndefu ya kuchosha kwenye kompyuta, na kompyuta ikatengenezwa izime karibu na mwisho, alafu mwenye kusimamia akaingia akawalaumu wao. Wenye njaa walimuona yule msimamizi mbaya zaidi, mwenye kuwahukumu, na wao wenyewe wakajaa chuki na stresi. Sasa sikizeni hapa, kabla ya kazi yenyewe baadhi yao walikuwa wamepewa zoezi la kuandika juu ya hisia, yaani akili yao ikaelekezwa ndani kidogo waangalie wanasikiaje. Hao hata wakiwa na njaa hawakumgeukia msimamizi vile wenzao walivyomgeukia. Njaa ilikuwa ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alijua kinachomsumbua kiko ndani yake.

Joto nalo lina mambo yake. Mwaka 1986 ulitoka utafiti wa mji wa Phoenix, kule Arizona kwenye jangwa, gari lilisimamishwa makusudi kwenye taa za barabarani, taa inawaka kijani na gari haliendi, wakahesabu walio nyuma wanapiga honi kiasi gani. Kadiri siku ilivyokuwa na joto ndivyo honi zilivyozidi, na hasa kwa wale waliofungua madirisha, manake hao hawakuwa na kiyoyozi ndani ya gari. Yeyote aliyekaa kwenye matatu pale Buxton ama daraja la Nyali saa nane mchana hahitaji kuelezwa, makanga anatukana abiria, abiria anamtukana dereva, dereva anamtukana wa tuktuk, na jioni upepo ukishuka ni watu walewale wanapeana chenji kwa salamu.

Na msiseme hayo ni ya Wazungu. Nairobi pia wamejaribu, ripoti yake ilitoka 2019, watu kama 2,000 kwa jumla, wengine Nairobi wengine Berkeley kule California, waliwekwa kwenye vyumba, vingine nyuzi 22 na vingine nyuzi 30. (Nyuzi 30 kwetu sisi ni saa nne asubuhi, Mhariri, si adhabu.) Mambo mengi waliyopimwa hayakubadilika na hilo pia lisemwe, joto halikuwageuza watu wajinga. Lakini kulikuwa na mchezo mmoja ambao mtu anaweza kuamua kuharibu alichoshinda mwenzake, yeye hapati chochote na mwenzake hajui ni nani amemharibia. Hapo ndipo waliokaa kwa joto waliharibu zaidi, na hilo lilijitokeza huku kwetu zaidi kuliko California. Nikisoma hayo mawazo yangu yanaenda moja kwa moja kwenye kikao chetu, watu wanne wameketi chini ya mabati na mkononi wana maisha ya mtoto ambaye hawezi kuwafanya lolote.

Usingizi ni hivohivo. Huko Berkeley watafiti wa usingizi walionyesha 2015 kwamba mtu aliyekesha usiku mzima anapoteza uwezo wa kutofautisha sura ya urafiki na sura ya kutishia, hata sura ambayo haijasema lolote anaiona ya shari. Nafikiria walinzi wetu wa getini, wauguzi wa zamu za usiku, nafikiria mtu wa Likoni anayeamka saa kumi alfajiri awahi feri, akifika kazini saa mbili ashamaliza nusu ya nguvu zake, alafu mnamweka kaunta ahudumie watu mia na kila mmoja ana shida yake.

Sasa nisiwadanganye, si kila kitu kinachoandikwa kimesimama. Kuna utafiti maarufu wa 2008 uliosema ukimpa mtu kikombe cha kahawa moto ashike mkononi kidogo tu basi atamuona mgeni kuwa mtu mwenye roho nzuri, na mimi niliupenda sana manake nilifikiria wazee wetu wa kahawa chungu pale vijiweni, lakini walipokuja wengine kuurudia na watu wengi zaidi haukutoka. Na ule wa mahakimu wa Israeli wa 2011 ambao wengi wameuskia, kwamba wafungwa walioomba kuachiliwa mapema walikubaliwa kama asilimia 65 mwanzo wa kikao alafu ikashuka karibu na sufuri kabla ya mahakimu kwenda kula, wakirudi inapanda tena, huo nao ulipata wapinzani mwaka huohuo, wakaonyesha kwamba kesi hazikupangwa kwa bahati nasibu, wafungwa wasio na wakili walikuwa wakiwekwa mwisho mwisho. Kwa hivo huwezi kusema yote ni njaa. Lakini mimi nikiangalia vizuri naona hata hiyo sababu ya pili inauma vilevile. Asiye na wa kumsemea ndiye anayesukumwa hadi saa ambayo kila mtu amechoka. Kwani yule kijana wetu aliwekwa mwisho na nani? Barua za karo za watoto wa watu tunaowajua zilisomwa kwanza.

Na tukisema kweli sisi watu wa pwani hatukuhitaji kungoja watafiti. Mtume, rehema na amani zimfikie, alikataza hakimu kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kila aliyepita madrasa ameiskia. Na wanazuoni wa fiqhi hawakuishia kwenye hasira, walikaa wakaangalia sababu, wakaona chochote kinachoshughulisha moyo wa hakimu kina hukumu hiyohiyo, wakataja njaa kali, kiu, usingizi, joto la kuumiza na baridi la kuumiza, wakataja hata mtu aliyebanwa na haja ndogo. Hayo ni mambo ya karne nyingi nyuma, watu hawana vipimo vya damu, lakini walijua kwamba anayekaa kuhukumu anakuja na tumbo lake na kibofu chake. Sasa inakuwaje tuna vitabu hivi kwenye rafu zetu na watoto wetu wanavisoma, alafu kikao cha nidhamu kinawekwa saa saba na nusu na mtu anasema tumalize twende tukale?

Hata kwenye Ramadhani tumefundishwa, mtu akikutukana ama akikutafuta ugomvi mjibu mimi nimefunga. Mimi nililelewa nikidhani ni kumwambia yule mwingine akuache. Siku hizi naona linafanya kazi ndani kwanza, mwenye kulisema anajikumbusha hali yake kabla hajafungua mdomo kusema lingine, na hapo narudi kwa wale wanafunzi waliopewa zoezi la kuandika hisia zao, ni dawa moja. Nimeliona kwa macho pale Kongowea, mama muuza nyanya saa kumi alasiri ya Ramadhani, mteja amemtupia maneno makali juu ya shilingi kumi, yule mama akafunga macho akasema nimefunga mwanangu, akampimia nyanya zake akamwongezea moja, na mteja akaenda zake kimya. Watu wa kamati, walimu wakuu, machifu, wazee wa mitaa, mbona sisi hatuwezi kusema hivo kikaoni? Jamani mimi nina njaa, mimi kichwa kinaniuma, mimi sikulala mtoto alikuwa na homa, tuweke hili kesho. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kunyamaza alafu mtoto wa mtu alipie.

Najua kuna watakaosema huyu mama anatafutia wahalifu kisingizio. Hapana. Kama mtoto amechukua simu na imejulikana kwa ushahidi basi aadhibiwe, na aadhibiwe asubuhi na watu waliokunywa chai, adhabu haitapungua uzito. Ninachokataa ni ushahidi unaotoka kwa jasho na mikono kutetemeka na macho. Mtoto aliyesimama juani kwa muda wa saa tatu na nusu bila maji atatetemeka akiwa mwizi na atatetemeka akiwa hana kosa. Na wengine watasema sasa tusifanye kazi kaskazi yote. Hapana tena, kazi ifanywe lakini kwa saa zake, wavuvi wetu wanajua, wachukuzi wa Marikiti wanajua, na maduka ya Mji wa Kale mpaka leo mengine hufungwa adhuhuri yakafunguliwa jua likishapoa. Hiyo haikuwa uvivu kama tunavyosemwa na watu wa bara, ni watu waliokijua kisiwa chao.

Jambo ambalo linanichoma zaidi ni vile hii hali haigawanywi sawa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sote tunausema huu msemo, lakini nendeni mkakae nusu siku kwenye ofisi yoyote ya umma hapa mjini mwone. Ndani ya kaunta kuna kiyoyozi na chupa ya maji. Nje kuna mama ametoka Mtongwe hajanywa hata chai, amebeba mtoto, amepanga foleni tangu saa kumi na mbili, akifika dirishani anaambiwa karatasi haina muhuri rudi kesho, anapandisha sauti, na hapo hapo anaandikwa kichwani mwa yule karani kuwa ni mkorofi, na mkorofi atazungushwa. Hajawa mkorofi yule, ana njaa na kiu na mtoto analia na nauli ya kesho hana. Karani angetoka nje akasimama kwa hiyo foleni saa moja tu angepandisha sauti kumshinda. Na saa zingine inakuwa kinyume, karani ndiye aliyekesha, feni imeharibika na bosi wake hajali, na mimi ninayengoja namuona ana dharau na kiburi kumbe mtu anajikaza asianguke. Tunapitana hivo kila siku, kila mmoja ana uhakika amemsoma mwenzake.

Kwa hivo ombi langu kwa shule za Mombasa na Kilifi na Kwale ni dogo na halina gharama. Kikao chochote cha kumfukuza au kumsimamisha mtoto kianze saa mbili asubuhi na kiwe ajenda ya kwanza, karo na kuni zingoje. Mtoto asisimamishwe juani, apewe kiti kivulini, apewe maji, angojwe mpaka jasho likauke ndipo aulizwe. Ikipita saa sita mchana bila kumalizika, uamuzi usitolewe siku hiyo. Ramadhani vikao vya alasiri visiwepo kabisa. Na wizara ya elimu ikiwa inaandika kanuni zake za nidhamu basi iandike saa, manake sasa hivi tumeachiwa wenyewe na mwenyekiti akichelewa ndio imekwisha.

Wazazi wenzangu mnaosoma gazeti hili mmekaa kwenye kamati hizi, nawaomba muandike pia, semeni kwenu mnakaa saa ngapi na ofisi yenyewe ikoje. Mimi kikao chetu kijacho nimeshamwandikia mwenyekiti kwamba kesi za watoto nitazisikiza asubuhi tu, na ikifika mchana nitaandikisha kwenye minitsi kwamba nimekataa kupiga kura.

Mzazi na mjumbe wa kamati,
Kisauni, Mombasa